Mikia ya Mbweha Katika Uwele wa Emiliana

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mvua imepumzika. Jua kali. Nimekaa nje nayatazama majani yangu. Iguguno nzima hakuna mwenye majani kama haya. Wilaya yote ya Mkalama hakuna. Labda Ulaya, na huko sijaenda kuhakikisha kwa sababu hawajaniita.

Niyaeleze, maana kuna siku watu watataka kujua. Yanaota kichaka kichaka. Membamba kama nywele za mzungu, yanamwagika pembeni kama maji yakifurika ndoo. Juu kila bua linatoa mkia. Laini! Unaanza na rangi ya zambarau, unaishia mweupe. Mkia wa mbweha kabisa, na jina hilo nimeyapa mimi. Niliyatoa mjini Singida kwenye nyumba moja ya wageni, siku ya harusi ya mtoto wa kaka yangu. Nilichomoa kishina kimoja, nikakitia ndani ya koti. Mlinzi akaniuliza, mzee mbona kifua kimevimba. Nikamwambia ni furaha ya harusi.

Kazi hayana. Mbolea hayataki. Maji mengi hayataki, yanaoza mguu. Yanataka jua tu, na jua Singida tunagawa bure. Yakikomaa hata ng'ombe hayagusi. Kwa misimu michache tu, kishina kile kimezunguka nyumba, kimeshuka mpaka ukingo wa shamba la mke wangu. Nani mwingine amepanda kimoja akapata mlima? Ni mkono. Mkono wangu hata ukishika jiwe linachipua.

Sasa shamba. Emiliana, mke wangu, goti linamsumbua tangu kabla ya Krismasi. Kuinama hawezi. Kwa hiyo uwele mwaka huu nimepanda mimi. Mbegu ni ya mama yake, alikuja nayo siku ya kuolewa. Kila mavuno anachagua masuke manono, anayaning'iniza jikoni juu ya moshi. Sokoni mbegu hiyo hakuna. Mwaka jana ndege walitumaliza, kikabaki kidogo kile. Akanipa chote. Akasema hajabakiza hata punje, nikipoteza hiyo basi imekufa. Nipande kwa mistari, taratibu.

Mistari! Mimi si fundi wa barabara. Nilirusha kwa mkono kama babu. Yeye angekaa huko wiki nzima, mimi nilirudi uji haujapoa.

Na imeota! Imejaa kama manyoya ya kondoo. Emiliana akajikokota mpaka mlangoni, akatazama mbali kule, akasema mbegu ile haikuwa ya kuota wingi huo. Nikamwambia mwenzangu, ni mkono.

Jumanne, 21 Januari 2025

Kupalilia leo. Emiliana alipika pombe ya mtama akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. Watu wakaja na majembe. Mimi nilisimamia. Kusimamia ni kazi ngumu kuliko kulima, ila watu hawajui.

Redempta, jirani yetu wa bondeni, mwanamke wa maneno mengi, akasimama katikati ya shamba. Akaniuliza, baba, huu wote uwele? Akasema anaona miche mingine ina majani membamba, yamejikunja kama sindano. Nikamwambia mwembamba ni wenye njaa, ukishiba utanenepa, hata yeye aliolewa hivyo. Wakacheka wote. Redempta hakucheka.

Nikatoa amri. Kisionekane kichwa cha uwele kilichong'olewa katika shamba la Urbano! Na nani angebisha? Huku kwetu mtu kung'oa uwele ni kama kumpiga mtoto wa mwenzako. Ukiwa na shaka unauacha. Wakaacha. Waling'oa mchicha pori na mbigili, wakapita juu ya vile vyembamba kwa adabu kama wanapita kwenye usingizi wa mzee.

Jioni akaja Sostenes kumalizia pombe. Huyu ni mtani wangu. Mnyaturu wa Mtinko, aliletwa huku na mapenzi. Mimi Mnyiramba. Yeye ananiita marehemu, mimi namwita mzigo. Akaanza ati ujanani alipokuwa mtunza bustani Arusha, tajiri wake alikuwa na majani hayahaya. Ati yalikula bustani, yakala uzio, yakaenda kwa jirani. Mbegu zinapanda upepo, zinapanda manyoya ya mbuzi, zinapanda hata suruali. Ati nikate mikia ingali zambarau, isifike kuwa myeupe, niitie shimoni, kisha nichimbe mashina na mizizi yote. Ati vile vyembamba shambani si uwele, ni watoto wa haya ya uani.

Nilicheka mpaka mbavu. Sostenes huyuhuyu mwezi uliopita aliniambia wakubwa wanatafuta kichwa cha kupimia kofia ya mkoa, wamechagua changu, nikaoga nikasubiri siku nzima! Neno la mtani halibebwi. Nikamwambia mzigo, wivu utakuua, kwako kumeota nini zaidi ya wewe?

Akasema leo hatanii. Hivyo ndivyo wanavyotania Wanyaturu.

Jumatano, 5 Machi 2025

Goti la Emiliana limepata nafuu. Asubuhi kachukua fimbo, kaenda shambani peke yake.

Hakurudi kwa uji. Hakurudi kwa jua la kichwa. Nikamfuata. Nimemkuta amekaa chini, katikati. Shamba lote limetoa vichwa. Lakini masuke, hapana. Mikia. Mikia ya mbweha, zambarau, toka chini mpaka juu, upepo unaipepea. Uwele wenyewe uko mmoja huku, mmoja kule, umekabwa shingo kama mtu kwenye foleni ya mahindi ya msaada.

Nisiseme uongo, ilipendeza.

Nilimwambia hivyo. Nikamwambia mke wangu, tazama, ni kama mawingu yameshuka. Akashika suke moja la uwele wa mama yake, dogo kama kidole, akalipangusa vumbi. Nikamwambia mwaka huu udongo ulikuwa na jambo lake. Akaniuliza, kwa sauti ya chini tu, watu waliopalilia waliambiwa nini. Nikasema sauti ya umati huwezi kuikumbuka.

Nimerudi nyumbani mbele yake. Nyuma nasikia fimbo yake, ko, ko, ko. Hainipendi ile fimbo.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Emiliana amechana kanga yake nyekundu, ile ya ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho. Amechana vipande vyembamba. Anazunguka shambani anafunga kipande kwenye kila uwele wa kweli atakaouona. Anasema chakula cha mwaka huu kimekwenda, tutaomba, tutanunua, tutafunga mkanda. Lakini mbegu ikiponea kwenye hivyo vyekundu, mwakani tunaanza tena. Nisivisogelee. Nisisaidie. Amelirudia hilo la kusaidia.

Kaacha hata kuimba. Alikuwa na tabia ya kuimba akifua. Sasa anafua kimya. Nguo zinatoka safi vilevile, lakini nyumba inakuwa kama ina mgonjwa.

Sostenes kapita, akatazama vile vipande vyekundu, akatazama mikia. Nikamngoja aniite marehemu. Akasema tu jioni njema.

Mimi nafikiri. Kichwa changu kikifikiri hata kuku wanasogea. Kama mikia ipo mingi hivi, si laana. Ni mali isiyopata mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili 2025

Nimepata! Yaani nilipata wiki iliyopita, leo ndiyo nimetenda.

Jumapili ya Matawi. Kila mwaka watu wa kigango, kanisa letu dogo la hapa, wanahangaika kutafuta ukindu wa kushika, wanaishia na matawi yoyote. Nikamwendea katekista wetu Paschal, nikamwambia mwaka huu Mungu amejibu. Akasema sharti iwe matawi. Nikamwambia je, punda alipoingia Yerusalemu hakuwa na mkia? Akakuna kichwa, akasema haya, lete. Mimi hata shule ya chini ya mti sikumaliza, lakini kwa hoja sijashindwa na mtu.

Nikakata mikia yote iliyokwisha kuwa myeupe, mizuri kupita yote, nikafunga mafungu, nikapeleka na mkokoteni. Kila muumini akapewa. Nikaona wameishika, barabara yote nyeupe, nikasema moyoni, Urbano, leo hata Sostenes atakuita mtu.

Wakaanza kupunga. Hosana ya kwanza, manyoya yakatoka. Hosana ya pili, upepo wa kutoka mlimani ukayabeba. Kwaya wakapiga chafya katikati ya sauti ya tatu. Paschal akafumba macho akaendelea kusoma, manyoya yamemkaa kwenye nyusi kama mzee wa agano la kale. Na pande zote mbili za njia ni mashamba ya watu. Alizeti, mtama, uwele. Yakaingia huko kama watoto wanaotoka shule.

Mimi nilifurahi. Kisha nikamwona Emiliana kwenye mstari wa akina mama. Hakuwa amepokea mkia. Alishika tawi la mwarobaini. Alikuwa anafuata manyoya kwa macho, moja moja, mpaka yanapotua.

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Balozi wa nyumba kumi alikuja na watu wake. Shikamoo mzee, marahaba, kaeni. Wakakaa lakini hawakuegemea. Wakasema kwa heshima yote, kama msimu ujao mashamba ya njiani yataota mikia, watajua mlango wa kubisha. Nikawaambia mbegu ina miguu yake. Redempta alikuwa nyuma ya balozi. Akasema ndiyo, lakini mkokoteni ulikuwa na mwenyewe.

Emiliana akawaletea maji. Akawaomba radhi kwa niaba ya nyumba. Kwa niaba yangu, mtu mzima, nimekaa hapohapo! Wakapokea radhi yake, wakamwambia pole mama. Hakuna aliyeniambia mimi pole, na aibu ilikuwa yangu.

Kesho Ijumaa Kuu. Hapa nyumbani imewahi.

Jumatatu, 26 Mei 2025

Uwele wa vipande vyekundu umekomaa. Ndege wamekula baadhi, lakini masuke yaliyobaki Emiliana aliyafunika na matambara ya neti. Anayasubiri yakauke juu ya bua, ndivyo mama yake alivyomfundisha. Kesho kutwa anavuna. Leo jioni nimemsikia anaimba. Kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. Nilisimama nyuma ya ukuta nisimkatishe.

Nikawaza. Huyu mwanamke akivuna mbegu yake, anapaswa akute na shamba safi. Mikia imekauka sasa, ni kama karatasi. Kuchimba mashina ni kazi ya punda, na Sostenes alisema kuchimba, kwa hiyo siwezi kuchimba. Lakini moto! Ujanani nilizima moto wa mlimani Sekenke kwa shati moja. Anayejua kuzima anajua kuwasha.

Kesho Emiliana anakwenda sala ya jumuiya kwa Redempta. Akirudi atakuta kumefagiliwa. Nitaanzia upande wa chini. Upande wa vyekundu nitauwekea njia ya kuzuia, upana wa hatua zangu mbili, na hatua zangu si za mtu mfupi.

Jumanne, 27 Mei 2025

Upepo. Ni upepo. Naandika hili kwanza.

Njia ya kuzuia nililima. Si yote. Niliona hewa imetulia, nikaona jembe linachelewesha. Nikawasha. Yale majani hayaungui kama majani mengine. Yanalipuka. Kichaka kimoja kinashika, mkia unaruka na moto wake, unawasha kingine kule mbele. Nikavua shati. Shati likaungua. Nikabaki na mikono.

Sostenes alifika akikimbia na tawi la mkwaju. Mzee yule na mapafu yake mabovu. Alipiga moto upande wa vyekundu, akapiga, akapiga, mpaka nyusi zikamwishia. Watu wakaja na matawi na ndoo. Emiliana akaja. Goti lile, sijui alikimbiaje.

Moto ulipofika kwenye kanga, vile vipande havikuwaka haraka. Vilianza kujikunja kwanza. Emiliana alitaka kuingia, Redempta akamshika kiunoni.

Basi.

Baadaye alitembea kwenye majivu, ya moto bado, na viatu vyake vya plastiki. Anainama. Anainua suke, linapukutika. Anainua jingine. Nilimwambia aache, ataungua. Hakusikia. Sostenes akanijia. Uso mweusi, macho mekundu, hana nyusi. Nikamwambia mzigo, leo umefanana na kabila lako. Akaniwekea mkono begani, akasema, pole Urbano.

Jina langu! Miaka yote tunajuana, hajawahi kuniita jina. Mtani akikupa pole bila kucheka, geuka utazame, kuna jeneza.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Emiliana amekwenda Kinampanda kwa dada yake Kristina. Hakugombana. Ningependa angegombana, kwenye ugomvi mimi ni fundi. Alifagia uwanja, akajaza mtungi, akanionyesha unga ulipo. Nikamuuliza anarudi lini. Akasema anakwenda kutafuta kama mbegu ya mama iko kwa mtu yeyote wa kwao. Nikamwambia akisharudi nayo nitaipanda kwa mistari.

Akasema, wewe pumzika, baba.

Mkoba alibeba mdogo. Lakini kigoda chake cha jikoni amekibeba. Mtu wa kurudi kesho habebi kigoda.

Jumapili, 15 Juni 2025

Misa nilikaa benchi peke yangu. Benchi zima! Wengine wanabanana, mimi najinyoosha kama askofu.

Ugali ninaopika una mabonge. Nimewapa kuku, wamekwepa. Sostenes ananiletea mboga, anaweka kizingitini, anaondoka. Namtukana, anaitikia ndiyo, ndiyo. Utani wa upande mmoja ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja.

Leo Redempta kanipa habari, yeye ana ndugu Kinampanda. Mbegu imepatikana! Kristina anayo ileile ya mama yao, kashamba kadogo mbele ya nyumba, pembeni ya njia ya kuingilia. Ndiyo iliyobaki, kwingine kote wamekwisha kuhamia kwenye mbegu za dukani. Emiliana amepewa kibuyu kimoja. Lakini anasema mvua zikija ataipanda hukohuko, kando ya ile ya dada yake. Huku hailetwi mpaka udongo uwe safi. Na yeye mwenyewe? Redempta akasema na yeye ni hivyohivyo. Udongo ukiwa safi.

Nilikaa nikatazama shamba. Safi kivipi? Juu ya majivu kumechipua. Mvua hakuna, umande tu, lakini kumechipua! Kila shina lililoungua limetoa kijani, tena nene kuliko zamani. Majani ya kiume haya. Moto yanaunywa kama chai. Roho yangu ikainuka kidogo.

Nimekata shauri. Kesho nakwenda Kinampanda kumrudisha mke wangu. Nitaongea. Nikiongea hata mawe yanasogeza kiti. Ila ukweni huendi mikono mitupu, hilo hata mwendawazimu analijua. Kuku waliobaki wamekonda kwa ugali wangu. Unga siwezi kupeleka, ni wa kununua, watanicheka.

Mchana wote nimechimba. Nimechagua mashina mazuri kuliko yote, ya uani ambayo hayakuungua. Nimeyapasua kwa panga, nimepunguza majani yabaki urefu wa kiganja, mizizi nimeifunga na gunia bichi. Yanapenda hivyo, hayasikii safari. Nitampandia Kristina pande zote mbili za njia ya kuingilia, palepale kando ya kashamba kake, kule ambako upepo wa mlimani unapiga vizuri. Emiliana akitoka asubuhi aone mikia inampungia, akumbuke nyumbani. Hawezi kukataa. Ataimba yule.

Gari la Kiomboi, la kunifikisha Kinampanda, linapita mapema. Kila kitu kiko mlangoni. Na mfuko wa koti nimejaza mikia mikavu, ile myeupe kabisa, endapo mashina yatanyauka njiani.